Aliyekosa Mwenyeji Ale Wapi?

Panapozungumzwa vyakula vya jioni vya Forodhani, mjini Unguja, husikika maelezo mawili. Wenye kuusifu mji husema kwamba zile meza za pweza, mishikaki na maji ya miwa ni ukarimu wa Waswahili uliotoka sebuleni ukahamia bustanini: mgeni alikaribishwa tangu enzi za mababu, na leo anakaribishwa vilevile, ila sasa analipa. Wenye kuulalamikia mji husema kinyume chake, kwamba biashara ile ni zao la utalii, imezuka juzi juzi kwa ajili ya watu wenye kamera, na kwamba Mzanzibari khasa anakula kwake. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanamsahau mtu yuleyule. Chakula cha kununua katika mji huu hakikuzaliwa na ukarimu wala na utalii. Kilizaliwa na watu waliofika mjini, au walioletwa kwa nguvu, bila ya kuwa na mwenyeji: wachukuzi, vibarua, watumwa wa kukodishwa, wapangaji wa chumba kimoja. Hao ndio waliohitaji kununua sahani, na wanawake wa hali yao ndio waliowapikia. Wengine wote walifuata baadaye, mtalii akiwa wa mwisho kabisa.

Inafaa kuanza na utaratibu uliokuwapo kabla. Ibn Battuta alipita mwambao huu mwaka 1331, na katika habari zake za Mogadishu ameeleza namna meli ilivyopokewa. Mashua ndogo ziliifuata zikiwa na vijana, kila kijana na sahani yake iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji huyo, akala kwake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Aliyemnyonya mgeni kwa bei ya chini, au aliyemuuzia kitu nyuma ya mgongo wa mwenyeji wake, biashara yake ilihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akaandaliwa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Mlo wa kujilamba. Lakini tusilewe harufu ya samli tukasahau kazi ya ile sahani iliyofunikwa: ilikuwa ni rehani. Mwenyeji alimlisha mgeni naye akapata haki ya kusimamia biashara yake. Mgeni alikubali kulishwa naye akapata ghala, dhamana, habari za bei, na mara nyingine mke.

Mogadishu si Unguja, na mtu anaweza kusema kwamba ushuhuda wa mji mmoja hautoshi. Ni kweli. Ila majengo ya miji mingine ya mwambao yanasema maneno hayohayo. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilitenga mahali pa kumpokea mgeni wa kiume bila ya kumfikisha ndani walipo wanawake, na baraza za nje za Unguja zinafanya kazi hiyo hadi leo. Mji uliojengwa hivyo unamtarajia mgeni mwenye jina, mwenye mali, anayejulikana anakwenda kwa nani. Katika mji wa namna hiyo mkahawa hauna kazi. Mtu mwenye heshima anayenunua chakula njiani anatangaza hadharani kwamba hana anayemjua. Hata ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo siku hizi tunaitoa kwa mzaha, inaonesha kwamba ukarimu ulikuwa na muda wake na masharti yake, na kwamba asiyeleta kitu alitarajiwa kuinama shambani.

Utaratibu huo ulivunjika Unguja katika karne ya 19, na uliouvunja ni wingi wa watu. Seyyid Said, Sultani wa Omani, alipoufanya mji huu makao yake, karafuu zikapandwa kwa maelfu ya miti, pembe za ndovu zikazidi kushuka kutoka bara kwa misafara, na mkataba wa 1833 na Marekani ukaweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Ushuru huo ulikusanywa pale pale Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, na kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, miongoni mwao Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan. Vitabu vya historia hupenda kukaa na majina haya makubwa. Lakini kila gunia la karafuu na kila pembe ilipita juu ya bega la mtu, na mtu huyo alikuwa na tumbo.

Sehemu kubwa ya mabega hayo ilikuwa ya watumwa waliokodishwa. Bwana asiye na shamba la kutosha, au mjane aliyerithi watumwa wawili watatu, aliwatuma mjini wakatafute kibarua cha uchukuzi. Jioni walileta sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, na kilichobaki kilikuwa chao. Kwa bwana mpango huo ulikuwa na faida iliyo wazi: aliyejitafutia kazi alijitafutia pia chakula. Kwa mji, maana yake ilikuwa kwamba kila siku walizagaa bandarini watu wenye senti chache mkononi, njaa ya kazi ngumu, na wasio na jiko wala mke wa kuwapikia mchana. Huyo ndiye mteja wa kwanza wa kudumu wa chakula cha njiani. Alihitaji kitu cha bei ndogo, chenye kushiba, kinacholiwa kwa mkono akiwa amechutama kando ya mzigo: muhogo, ndizi, samaki wa kukaanga. Mtaa wa Sokomuhogo, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, bado unabeba jina la bidhaa iliyoulisha umma huo, na inapendeza kwamba katika mji wa marumaru na milango ya nakshi jina hilo halikufutika.

Hapa wengi hutaja mabaharia, kwa kudhani kwamba kila mji wa bandari hulisha watu wa vyombo. Jambo hilo linahitaji kupunguzwa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba, Uarabuni na Kachchh yalikaa miezi kadhaa yakisubiri kusi, na kwa hakika wanamaji wake walijaza vichochoro. Lakini jahazi lilikuwa na jiko lake. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 na kuandika kitabu juu yake, anaonesha wazi kwamba chakula cha baharia, wali, tende na samaki, kilikuwa sehemu ya maslahi yake na kilipikwa chomboni. Baharia alishuka nchi kavu kutafuta vitu vingine: kuuza mazulia yake madogo madogo, kusikia habari, na kunywa kahawa.

Kahawa ndiyo inayotupatia ushahidi safi kuliko wote, kwa sababu walioiuza nao walikuwa watu wasio na mwenyeji. Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, walifika Unguja wakiwa maskini, tofauti na Waomani wenye mashamba. Walifanya uhamali, walibeba maji majumbani, na waliuza kahawa. Chombo chao kilikuwa dele, birika refu la shaba lenye makaa chini yake, ambalo muuzaji alilizungusha mjini bila ya kulipoza. Mkono wa pili ulishika vikombe viwili vitatu visivyo na mkono, akivigonganisha kwa vidole ili mtaa ujue kwamba amefika. Alikijaza kikombe hadi nusu, na mteja alipokwisha kunywa akakisuuza kwenye ndoo yake ndogo, akampa mwingine. Mtaji wote wa biashara hiyo aliweza kuubeba mwenyewe. Hakuhitaji chumba, hakuhitaji leseni ya duka, hakuhitaji ukoo. Na mnunuzi naye alipata kwa senti moja kile ambacho mwungwana alikipata barazani kwa jina la baba yake: mahali pa kukaa, kikombe cha moto, na haki ya kutia neno katika mazungumzo. Baraza za kahawa tunazozijua leo, pamoja na ubishi wake wa siasa na mpira, zimetokana na muuzaji huyo zaidi kuliko zilivyotokana na sebule ya tajiri.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye mji wenyewe. Kula njiani, watasema, ni jambo la aibu kwa Mswahili. Mtoto aliyelelewa vizuri hukatazwa, na mtu mzima anayetafuna huku anatembea huonwa kuwa hana adabu. Vipi basi desturi yenye kuaibisha iwe msingi wa mji? Jibu ni kwamba aibu hiyo haikuwa ya mji mzima, ilikuwa ya tabaka. Sheria za adabu hutungwa pale panapokuwa na wanaozivunja kila siku. Kama kila mtu Unguja angekuwa anakula kwake, hakuna mzazi ambaye angehitaji kumwambia mwanawe asifanye kama hamali. Katazo lenyewe linatuonesha wauzaji walikuwapo, wateja walikuwapo, na waungwana walikuwa wakiwatazama kutoka madirishani.

Zaidi ya hayo, aibu ilikuwa na mlango wake wa nyuma, nao ni Ramadhani. Jioni ya mfungo hata nyumba yenye jiko kubwa hutuma mtoto akanunue kaimati, sambusa, mkate wa ufuta au katlesi kwa mpishi fulani anayesifika. Kinachonunuliwa hufungwa na kupelekwa nyumbani, kwa hiyo heshima inahifadhika. Kwa njia hiyo chakula cha wasio na mwenyeji kilianza kuingia kwenye mikeka ya wenye wageni. Ni mwendo wa taratibu, na hauna tarehe, lakini ndio uliowageuza wapishi wa vichochoroni kuwa watu wanaojulikana kwa majina mtaa mzima.

Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wengi wa waliokuwa watumwa hawakubaki chini ya kuta za mabwana wao. Walivuka daraja kwenda Ng'ambo, wakajenga nyumba za udongo na makuti juu ya ardhi ya watu wengine, wakapangisha vyumba. Sasa yule kibarua alikuwa huru, lakini bado alikuwa na chumba kimoja na saa za kazi zisizomruhusu kupika. Wanawake wa Ng'ambo walifanya hesabu nyepesi: moto unaowashwa kwa ajili ya watoto watatu unaweza kuchoma mandazi ya watu thelathini. Vitumbua, mandazi, maharage, uji na chai vikawa kodi ya nyumba na ada ya chuo. Mapato ya namna hii yalikuwa madogo lakini ya mkononi, na si ajabu kwamba wanawake wenye nyumba Ng'ambo walikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa kodi ya ardhi wa 1928. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904 pale pale mpakani mwa Mji Mkongwe na Ng'ambo, liliwapa mahali pa kununulia alfajiri na pa kuuzia asubuhi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ililigusa jambo hili kwa namna iliyoacha kovu. Mgao wa chakula ulipangwa kwa kufuata kabila: mchele ulielekezwa kwa Waarabu na Wahindi, na Mwafrika akahesabiwa kuwa mtu wa mahindi na muhogo. Watu walibishana na makarani juu ya wao ni nani, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya sufuria. Mpishi wa njiani naye alipika alichopata. Miaka michache baadaye, mwaka 1948, mgomo wa wafanyakazi wa bandarini ulienea ukawa mgomo mkuu wa mji, na malalamiko yake yalikuwa juu ya ujira usiofukuzana na bei za vitu. Huwezi kuisoma historia ya kazi bandarini ukaitenganisha na bei ya mandazi.

Na Forodhani je? Mahali penyewe pamebadilika kuliko desturi. Palikuwa gati na ghala. Kisha treni ya Bububu, iliyoanza safari zake mwaka 1905, ikaanzia hapo karibu na Ngome Kongwe. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, mizigo ilihama na wachukuzi wakaifuata, na ufuko ulio mbele ya jumba la Beit al-Ajaib ukabaki bila ya kazi. Mwaka 1936 pakafanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Kwa hiyo lile eneo lililonuka karafuu na jasho likageuka mahali pa kupunga upepo, na watu wanaopunga upepo hununua: karanga, madafu, barafu, muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili. Nikisema kwamba biashara ilirudi palepale ilipoanzia, nitakuwa natengeneza hadithi nzuri kupita ukweli. Wauzaji walifuata watu, na watu walifuata upepo, basi.

Wanaosema kwamba haya yote ni ya watalii huanzia hesabu zao miaka ya 1980, na wana sababu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na khasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vyakula vya nje vilipungua na mji ukajifunza foleni. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vitu vya mgao, na bila ya unga na mafuta mpishi wa njiani hana kazi. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, bidhaa zilirudi na meza nazo zikarudi, na muda si mrefu wageni wa hoteli wakaanza kuongezeka. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000 walikuwa tayari ni umati. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa miaka ya 1970 ameona kwa macho yake meza zikiongezeka sambamba na watalii. Alichokiona ni kweli. Ila kurudi kwa unga kulitangulia kurudi kwa mgeni, na vyakula vilivyorudi havikuwa vigeni.

Chukua kile kinachoitwa pizza ya Zanzibar, ambacho watu hukitaja kuwa ushahidi wa utalii kuharibu ladha. Mpishi hukata donge la unga laini lililolala kwenye mafuta, akalibandika juu ya meza na kulisukuma kwa kiganja hadi linaonesha kilicho chini yake. Hapo katikati huweka nyama ya kusaga, kitunguu na pilipili hoho, akapasua yai, akakoroga kwa kijiko bila ya kulitoboa andazi, kisha akakunja pembe nne kwa mwendo mmoja na kuibwaga kwenye chuma cha moto. Jibini na chokoleti ni mambo ya juzi kwa ajili ya mgeni. Lakini andazi, mkunjo, nyama na yai ni mantabali, chakula ambacho kina ndugu zake katika miji ya Uarabuni na Bahari ya Hindi, na ambacho Mzanzibari alikula kabla hajajua kwamba kitauzwa kwa jina la Kiitaliano. Utalii umebadilisha jina, bei na vichache vya ndani. Haukuleta jiko.

Urojo unajibu pingamizi jingine, la wale wanaosema kwamba vyakula hivi ni vya Wahindi na hivyo si historia ya Waswahili. Bajia, kachori na chatine kweli vimetoka Bara Hindi, pamoja na maduka na watu wake. Lakini tazama kilichofanyika ndani ya bakuli: mchuzi wa unga na manjano uliotiwa ukali wa embe mbichi na ndimu, mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, mshikaki mmoja uliochomolewa kijitini, chatine ya nazi, pilipili, na juu yake chembechembe za muhogo wa kukaanga. Nyumba nyingi za Kihindu zisingetia nyama hiyo, na Bara Hindi si kila mahali pangetia muhogo huo. Mchanganyiko wa aina hii hutokea pale watu wa asili mbalimbali wanapohudumiwa na sufuria moja, wote wakiwa na haraka, wote wakiwa na pesa kidogo. Saa kumi jioni wanaopanga foleni kwenye urojo ni wanafunzi wa skuli, madereva wa daladala na makarani. Mtalii anayefika hapo huwa amepelekwa.

Kuanzia 2008 Bustani ya Forodhani ilifungwa kwa ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa Julai 2009 ikiwa na ukuta mpya wa bahari, mwanga, na eneo maalumu la wauza vyakula. Kazi hiyo ilikuwa nzuri na mji ulifaidika. Ila ilikamilisha jambo lililokuwa limeshaanza: ufuko ukawa wa matembezi kwa ukamilifu, na bei za pweza zikaanza kutajwa kwa kumtazama mnunuzi usoni kwanza. Mwenye kutaka kushiba kwa pesa ndogo anajua kwamba aende Darajani au avuke Ng'ambo, mitaa ileile ambako vitumbua vilianza kulipa kodi.

Na wasio na mwenyeji wa leo ni akina nani? Si mtalii, yeye amekwishalipia chumba, kifungua kinywa na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Ni mhudumu anayempelekea kahawa hotelini, fundi anayejenga hoteli ya jirani, kijana anayepakia mizigo boti za Dar es Salaam. Wengi wao wametoka Tanzania Bara, wamepanga chumba na wenzao watatu, na hawana shangazi mtaani. Mapema asubuhi, kabla ya zamu, wamekaa kwenye benchi la mama lishe nyuma ya jengo lisilokwisha, wanakula chapati na maharage kwa haraka. Katika mwezi wa Ramadhani, benchi hilo linapoondolewa mchana na migahawa ya mjini kufungwa, hoteli inaendelea kumwandalia mgeni wake chakula cha mchana. Asiyefunga kati ya wanaomwandalia anabaki na swali lilelile la hamali wa Forodhani: sahani yangu leo naipata kwa nani, na kwa bei gani?